Paa la Chumba cha Redio

Nilimkuta shemeji yangu Owaga katikati ya ngazi, mwanzi mrefu begani, anaelekea kilele cha paa la chumba changu cha redio. Nilikuwa natoka soko la Oyugis na debe la chokaa kichwani. Sikulitua. Niliacha lianguke, chokaa ikamwagika njia nzima, nikapiga kelele mpaka kuku wakaruka ua.

"Owaga! Shuka!"

"Nakusaidia, shemeji," akasema, meno yote nje. "Si ulisema unataka mti wa waya pale juu?"

"Nimekuomba wewe?"

"Sasa ungemwomba nani? Mgeni?"

Msaada gani huo! Kama hujaolewa Ujaluoni huwezi kuona ubaya wa ngazi, kwa hiyo acha nikueleze. Mwanamume wa huku akijenga nyumba huchomeka mti mwembamba kwenye kilele cha paa. Wanauita osuri, na huo mti ndio unaosema nyumba ina mwenyewe. Akifa, wazee wanauvunja. Mjane anabaki na paa lisilo na kitu juu, hata livuje namna gani, mpaka mwanamume mwingine apande kulitengeneza. Na huyo anayepanda, hata asipofungua mdomo, amekwisha sema yote. Amemrithi mjane. Kesho yake anakaa mlangoni akingoja kuletewa uji.

Mimi sikutaka kurithiwa na Owaga, wala na malaika. Nilishika ngazi kwa mikono miwili nikaitikisa.

"Utaniua, mwanamke!"

"Basi shuka ungali mzima."

Akashuka, lakini hakuondoka bila kunichoma. "Orpah wa kwenye Biblia alifiwa na mume akarudi kwao bila kelele," akasema huku akijipangusa magoti. "Wewe Orpah wetu unangoja nini?"

"Nangoja uondoe ngazi yako."

Mama mkwe wangu, Turfosa, alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake akichambua mboga. Aliona yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliendelea na mboga zake, na hilo liliniuma kuliko ngazi.

Mimi naitwa Orpah Nyasuguta. Kwetu ni Ukisii, si mbali na Oyugis, lakini kwa watu wa boma hili mimi ni Nyar Kisii, binti wa Kisii, na nitabaki hivyo hata nikizeeka hapa. Mume wangu alikuwa Jeremia Osodo. Jeshini alifanya kazi ya mawasiliano, na alipotoka alirudi nyumbani na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa redio. Si ya kusikilizia taarifa ya habari, la. Ya kuzungumza. Alitafuta mashine kuukuu zilizotupwa, akazifufua, akajenga chumba cha mviringo cha udongo na nyasi nyuma ya nyumba yetu, akapata kibali cha serikali. Jumapili alikuwa akijifungia humo akigonga alama zake, fupi na ndefu, na watu wa Kampala na Bombay wanamjibu. Aliyempenda kuliko wote alikuwa Japheth Nchagwa, Mkuria mwenye mashine kama yake kule ng'ambo ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini ungedhani walilelewa nyumba moja.

Nilikuwa nakaa kando yake nikimenya maharagwe. Akanifundisha herufi moja moja, kwa mzaha kwanza, halafu kwa dhati, mpaka ikafika mahali akikosea nacheka kabla hajamaliza kugonga. Ndoa yetu haikupata watoto. Tulipata hicho chumba, na nakuambia wazi, tulikuwa na furaha.

Osodo alikufa mwaka wa sitini na tano kwa ugonjwa wa kifua. Siku ya kuvunja osuri wazee walikwama. Nyumba yetu kubwa ilikuwa ya mabati, haina mti juu. Chumba cha redio kilikuwa na mwanzi kwenye kilele, ule aliofungia waya wa hewani. Wakashauriana chini kwa chini, kisha mkubwa wao akasema, "Mti wa Osodo ni huu. Alikuwa anaongea nao kila Jumapili. Mnataka mwingine upi?" Wakaupanda, wakauvunja. Waya ukaangukia zizini, na paa likabaki na tundu ambalo mvua ya kwanza ililigeuza kuwa mlango. Jamani, sikuweza hata kuwakasirikia. Walimheshimu kwa moyo wote. Nilimlilia mume wangu na waya wake siku hiyo hiyo moja.

Matanga yalipoisha nikaenda Kisumu kufanya mtihani wa redio, na nikapita. Lakini kupita mtihani ni nusu ya safari. Kibali kwa jina langu kingetoka tu baada ya mkaguzi kuja kuona chumba: paa halivuji, nyaya zimepangwa, waya wa ardhi upo, waya wa hewani umesimama, na mimi mwenyewe nagonga na kujibiwa. Angekuja Jumatatu, wiki mbili baada ya ile siku ya ngazi. Akikuta magofu, mashine zingechukuliwa zote, maana hakuna ruhusa kukaa na mashine ya kupeleka habari bila kibali. Na Owaga alishatangaza kwamba chumba kikiwa kitupu yeye atahamia, kwa sababu kina joto zuri. Ningebaki na nini? Ningebaki mke wa marehemu anayengoja kugawiwa. Chumba hicho ndicho kitu pekee bomani ambacho nilijua mimi, nilikitaka mimi, na ningeweza kukiendesha mimi. Nikaapa moyoni kwamba sikiachi.

Kazi ya ndani niliifanya kama mtu anayefukuzwa. Nilikwangua udongo uliolowa, nikakanda mwingine na samadi, nikapiga ukuta mpaka ukang'aa, kisha nikaupaka chokaa ile iliyosalimika. Sakafu nayo niliipiga upya. Onyancha, seremala Mkisii mwenzangu wa pale Oyugis, alinitengenezea meza imara, maana mashine za Osodo zina uzito wa ndama, na rafu mbili za vifaa. Nilichomoa kila waya, nikausugua kutu, nikaurudisha. Betri ya lori nikaipeleka kwenye mashine ya kusaga unga kuchajiwa. Fimbo ya shaba ya waya wa ardhi niliipigilia nje ya dirisha, na kila jioni nikaimwagia ndoo ya maji ili ardhi pale isikauke. Turfosa alinitazama nikimwagilia chuma. Akaniuliza kama kitaota.

Ndani kulipendeza, lakini ukiinua macho unaona mawingu.

Nilimwomba Onyancha apande. Akacheka, kisha akaona sicheki. "Dada, nina mke, na mkono wake ni mzito. Kwenye meza niko nawe. Kwenye paa la mjane, nisamehe." Nilimwendea mzee wa kanisa letu la Wasabato. Akasema ataniombea. Maombi sikuyakataa, lakini maombi hayakuwa yanashika mwanzi. Nilijaribu hata kijana mmoja wa kupakia mizigo stendi, akauliza jina la boma, nikamtajia, akakumbuka ana safari ya Homa Bay.

Utasema, si ungefunga waya kwenye miti? Mikaratusi miwili ya uani Owaga alishaiangusha, ati anataka nguzo. Kuchimbia nguzo mpya bomani nako ni kazi ya mwanamume mwenye boma, kwa hiyo tunarudi palepale. Na mimi mwenyewe kupanda? Mwanamke kukwea juu ya nyumba ni chira, laana inayowakausha watu wa boma mmoja mmoja. Mimi chira siiogopi. Turfosa anaiogopa, na mtoto yeyote wa boma akikohoa tu, ningekuwa nimemkohoza mimi. Nisingeishi hapo tena.

Siku zikawa zinakimbia. Owaga akawa anapita mbele ya chumba akipiga mluzi, ngazi yake ameiegemeza kwenye ukuta wake mahali ninapoiona. Nilikuwa nimechoka, na siku moja nilijifungia ndani nikalia kwa hasira, nikamtukana Osodo kwa kufa.

Kesho yake asubuhi nilimwona Turfosa akienda kuchota wimbi kwenye dero, ghala lile la fito. Dero halina mlango. Paa lake limekaa juu kama kofia. Yule mama, na mgongo wake ule, aliingiza bega chini ya ukingo wa paa, akaliinua upande, akalitegemeza kwa kijiti, akazamisha mkono ndani. Nimemwona akifanya hivyo miaka na miaka, na mimi mwenyewe nafanya. Siku hiyo nilisimama nikasahau ndoo mkononi.

"Mama," nikamwita, "hilo paa la dero, nani ana ruhusa ya kuliinua?"

"Swali gani hilo asubuhi asubuhi? Mwenye njaa."

"Na mwanamke akiliinua si chira?"

"Umelala vizuri wewe? Chira ni kupanda. Mimi nimepanda wapi?"

"Na kama ni paa kubwa? Likifumwa chini, watu wakalibeba mzima mzima wakalivisha ukuta?"

Alinitazama, halafu akatazama chumba cha redio, halafu akanitazama tena. "Nyar Kisii, una kichwa kigumu," akasema. Akachomoa kijiti, paa likashuka, akaenda zake na wimbi lake. Nilichukua hiyo kuwa ndiyo. Angekuwa amekataa ningejua, na eneo letu zima la Rangwe lingejua, kwa sauti aliyo nayo.

Nilikimbia sokoni kwa Bathsheba, muuza ndizi ambaye ndiye kiongozi wa akina mama wa Dorkasi, kikundi cha kusaidia wenye shida kanisani kwetu. Nilimweleza mpango. Akapiga makofi. "Na paa likishakaa, nani atakuwa amekurithi?"

"Wote watakaolibeba."

"Weee! Basi mimi nitakuwa mume wako wa kwanza," akasema, akacheka mpaka wateja wakageuka.

Akina mama wa Dorkasi walikuja na majembe na kamba. Paa bovu tulilifunga kamba kutoka nje tukalivuta mpaka likaporomoka, bila mtu kunyanyua mguu kutoka ardhini. Tukapima mzingo wa ukuta kwa kamba, tukachora duara uwanjani, tukaanza kufuma paa jipya mahali hapo. Onyancha alikuja kufunga fito, kwa vile hapo alikuwa anatengeneza kitu kilicho chini, na mke wake alimsindikiza kuhakikisha. Kuezeka ni kazi ya wanaume, lakini nyasi zikiwa usawa wa kiuno mikono ya mama yeyote inafika. Mwanzi mpya nilioufuata mwenyewe niliusimamisha katikati, nikaukaza kwa mkonge, na kwenye ncha yake nikafunga kigurudumu kidogo chenye kamba, ili waya niuvute juu siku yoyote nikiwa nimesimama chini na viatu vyangu. Sabato tulipumzika. Nilikaa kanisani, macho kwa mhubiri, masikio kwa mvua.

Jumapili boma lilijaa. Dorkasi walikuja, kwaya ikaja na wanaume wake, majirani wakaja kuona kichaa cha Nyar Kisii. Yule mzee wa kanisa naye alikuja, amekunja mikono ya shati. Owaga alisimama kando amekumbatia kifua. Turfosa alikaa kwenye kigoda chake.

Bathsheba akaimba, tukainama, tukashika ukingo wa paa pande zote, tukainua. Paa likatoka ardhini! Sikuamini mpaka nilipoona miguu ya watu upande wa pili. Tulikwenda kidogo kidogo, mwanzi ukiyumba juu yetu, tukafika ukutani. Sasa kuliinua mabegani, kisha juu ya mikono. Hapo ndipo upande wa zizi ulipozidiwa. Walikuwa wafupi upande huo, na ardhi ina mteremko. Paa likalala. Mwanzi ukaanza kwenda chini, nyasi zinalia, akina mama wanapiga yowe, na mimi niko upande mwingine siwezi kuachia. Nilijua likianguka limevunjika, na kesho ndiyo Jumatatu.

"Owaga!" Sauti ya Turfosa ilipasua yote. "Umesimama kama nani? Shika!"

Owaga akaruka. Ni mrefu, na nguvu anazo, sitamnyima haki yake. Aliingiza mabega chini ya ukingo, akanguruma, paa likanyanyuka, likateleza juu ya ukuta, likakaa. Likakaa barabara! Watu wakashangilia. Owaga akatoka chini ya nyasi, majani yamejaa kichwani, akanyoosha mkono juu.

"Mmeona wote!" akasema. "Ni mimi nimeliweka!"

Kwa maneno hayo alikuwa ananirithi mbele ya watu wote. Lakini Bathsheba hakumpa nafasi ya kupumua. "Na mimi nimeliweka!" akapaza sauti.

"Na mimi!" akasema mke wa Onyancha.

"Na mimi!" akasema mzee wa kanisa, mtu mzima, jasho linamtiririka. Kwaya nzima ikadaka, na mimi, na mimi, mpaka ikawa wimbo. Watu walicheka wakashikilia mbavu. Owaga alitazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono, akakuta mama yake mzazi anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya leso. Mwishowe akacheka pia, kwa shida. Akaomba maji ya kunywa, na nikampa, kwa sababu alikuwa ameyafanyia kazi.

Mkaguzi alifika Jumatatu kabla ya saa sita, mwanamume mwembamba mwenye mkoba na viatu vilivyojaa vumbi la Oyugis. Aliinama mlangoni, akakagua ukuta, akavuta nyaya moja moja, akatoka nje akagusa fimbo ya shaba, akasimama muda akitazama waya ulivyopanda kwenye mwanzi na kushuka pande mbili mpaka nguzo za zizi. Watu wa boma walimfuata kila alipokwenda. Kisha akauliza, "Mwenye stesheni ni nani?"

Owaga akakohoa kusafisha koo.

"Si unamwona?" akasema Turfosa kwa Kiswahili chake cha kuhesabu. "Huyo amekaa."

Nilikuwa nimekaa kweli, mbele ya mashine. Mkaguzi akaniashiria nianze. Niliwasha mashine, taa zake zikawaka polepole, harufu ya vumbi lenye joto ikajaa chumba. Nikagonga wito. Nikataja namba yangu mpya ya kujitambulisha hewani, niliyopewa kwa majaribio, nikangoja. Kimya, na mngurumo wa hewa tu. Nikagonga tena. Kimya. Mkaguzi akatazama saa yake. Nikagonga mara nyingine, taratibu, kama ninavyojua mimi.

Jibu likaja. Dhaifu, lakini kila herufi ilisikika. Ilikuwa namba ya Japheth Nchagwa kutoka kule ng'ambo ya Migori. Hakuniita kwa namba yangu. Alituma maneno mawili matatu: Osodo? Ni wewe?

Kila mtu ana namna yake ya kugonga, inatambulika kama sauti. Mimi nilifundishwa na mtu mmoja, na sikuwa na namna nyingine. Nilishindwa kuona kitufe kwa machozi. Mkaguzi alielewa, naye alizisikia herufi zile. Akageukia dirishani akanipa mgongo.

"Anasema nini?" Turfosa akauliza. Alikuwa ameingia bila mimi kumwona.

"Anauliza kama mimi ni Osodo, Mama."

Hata Owaga mlangoni aliinamisha kichwa.

"Na wewe unamjibu nini?"

Nikajibu kwa kugonga, nikimsomea kwa sauti huku mkono unakwenda. Osodo ametutoka mwaka jana. Mimi ni Orpah, mke wake. Chumba hiki ni changu sasa, na nitakuwa hapa kila Jumapili.

Halafu Nchagwa akarudi. Pole sana, Orpah. Nimewaita mwaka mzima. Asante kwa kunijibu. Jumapili nitakuwepo.

"Inatosha, mama," mkaguzi akasema, akifunga mkoba wake. "Stesheni imepita. Unaweza kufunga."

Nilinyoosha mkono nizime. Turfosa akaushika. Akavuta kigoda, akakaa kando yangu, karibu mpaka bega lake likanigusa, akainamia ile mashine kama anayetaka isikie vizuri.

"Bado," akasema. "Mwambie kwamba mama yake Osodo anamsalimia. Halafu muulize, huko kwao mvua imenyesha?"